Dawa ya pelagra ilikaa kwenye chupa za wanakemia miaka 70: uzi wa niasini (vitamini B3)

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwaka 1867 mkemia mmoja aitwaye Huber alichukua nikotini, ile ya kwenye tumbaku, akaichemsha na dikromati ya potasiamu na asidi ya salfuriki. Kilichobaki ni unga mweupe, mchachu, usio na sumu ya maana. Miaka michache baadaye, 1873, mwenzake Weidel akauchunguza vizuri na kuupa jina la asidi ya nikotini, ndiyo niasini ya leo. Ukawekwa kwenye chupa, chupa ikawekwa kwenye kabati. Hakuna aliyeuona kuwa na faida yoyote kwa binadamu.

Wakati huohuo, kaskazini mwa Italia maelfu ya wakulima walikuwa wanababuka ngozi, wanaharisha, wanapoteza akili na kufa kwa ugonjwa unaoitwa pelagra. Dawa yao ilikuwa ule unga. Ilichukua hadi 1937 mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Miaka 70 kamili. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu watu wengi wanaijua B3 kama kidonge cha kwenye chupa ya "B complex" na basi.

Tuanze na ugonjwa. Mtu wa kwanza kuueleza kitaalamu ni Gaspar Casal, daktari wa mji wa Oviedo huko Asturias, Hispania, mwaka 1735. Aliwaona masikini waliokuwa na magamba mekundu mikononi, miguuni, na shingoni kuzunguka kama mkufu. Mpaka leo madaktari wanaiita alama hiyo mkufu wa Casal. Aliona pia kwamba wagonjwa wake karibu wote waliishi kwa mahindi, nyama wakiiona kwa nadra. Maandishi yake yalichapishwa 1762, yeye akiwa ameshafariki. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Milan akaupa ugonjwa jina la pelagra, na jina likashika.

Sasa angalieni: tangu siku ya kwanza mahindi yalishukiwa. Tatizo lilikuwa ni kujua mahindi yana kosa gani. Cesare Lombroso wa Italia alishikilia kwamba ni sumu ya mahindi yaliyooza kwa kuvu. Wengine wakasema ni mdudu, yaani kimelea cha kuambukiza. Kila upande ukawa na ushahidi wake. Wachache sana waliwaza kwamba kosa linaweza kuwa kitu *kisichokuwemo*. Hapo ndipo sayansi ilipojikwaa, na nadhani si ajabu: ni rahisi kutafuta sumu kuliko kutafuta pengo.

Naendelea na post inayofuata, msiweke comment kwanza.

---

Ndoano

Naweka kambi hapa.

---

Kibatari

😂 Nimesema msiweke comment.

Haya. Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ililipuka kusini mwa Marekani. Makadirio yanayotajwa sana ni wagonjwa milioni 3 na vifo 100,000 hivi kati ya 1906 na 1940. Waliokufa wengi walikuwa watu wa mashamba ya pamba, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wafungwa, yatima, na wagonjwa wa hospitali za akili. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, sharubati ya miwa na mafuta ya nguruwe. Kwa bahati mbaya ni wakati huohuo mashine mpya za kukoboa zilipoanza kuondoa kiini cha mahindi ili unga usichache haraka. Unga ukawa mweupe na ukadumu, ila kidogo kilichokuwemo nacho kikaondoka.

Mwaka 1914 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ikamtuma Joseph Goldberger, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyekulia New York. Alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza, na ndiyo maana walimtuma: kila mtu alitegemea aje na mdudu mkononi. Tume iliyomtangulia, ya Thompson na McFadden, ilikuwa imeshasema pelagra ni ya kuambukiza.

Goldberger alifika kwenye vituo vya yatima na hospitali ya akili, akaangalia jambo ambalo wengine walilipita. Wagonjwa wanaugua, wauguzi hawaugui. Wanalala jengo moja, wanashikana, wanahudumiana. Mdudu gani huyo anayechagua kwa cheo? Akaanza kuchunguza sahani badala ya damu. Alipowapa yatima maziwa, mayai, nyama na kunde, pelagra ikatoweka kwenye vituo vile.

Wapinzani hawakukubali. Akafanya kinyume chake: mwaka 1915, kwenye shamba la gereza la Rankin huko Mississippi, wafungwa waliojitolea waliahidiwa msamaha na gavana Earl Brewer kama watakula chakula atakachopanga yeye. Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa cha masikini wa eneo lile, wanga mtupu. Waliomaliza walikuwa 11, na 6 kati yao wakapata pelagra ndani ya miezi. Kwa viwango vya leo jaribio hilo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili, tusidanganyane. Mfungwa anayeahidiwa uhuru hajitolei kwa hiari kamili.

Bado wakabisha: labda wafungwa waliambukizwa. Hapo Goldberger akafanya jambo ambalo ukilisoma ukiwa unakula utaacha. Mwaka 1916 yeye na wenzake, jumla watu 16, walijidunga damu za wagonjwa, wakajipaka majimaji ya pua na koo zao, wakameza vidonge vya unga vilivyochanganywa na magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa. Mkewe Mary naye alidungwa damu. Hakuna hata mmoja aliyepata pelagra.

---

Tausi

Kinyesi??? Hapana jamani. Mimi sayansi nimeiachia wenyewe.

---

Chuma cha Pua

Mkuu uzi umetulia. Ila sielewi, baada ya yote hayo kwa nini mjadala haukuisha pale pale 1916? Mtu amekula kinyesi na hajaugua, unataka ushahidi gani tena?

---

Kibatari

Mkuu Chuma, kwa sababu jibu lilikuwa linauma. Goldberger alishirikiana na mchumi Edgar Sydenstricker wakachunguza vijiji saba vya viwanda vya pamba huko South Carolina, nyumba kwa nyumba: kipato, chakula, wagonjwa. Kadiri kipato kilivyopungua ndivyo pelagra ilivyoongezeka. Kwa hiyo tiba halisi ilikuwa kubadilisha maisha ya watu: mishahara, ardhi iliyolimwa pamba hadi mlangoni pasibaki pa kupanda mboga wala kufuga ng'ombe. Mdudu angekuwa rahisi, unamtengenezea chanjo na mwenye shamba anaendelea na pamba yake. Mwaka 1921 Rais Harding alipozungumzia hadharani njaa na pelagra ya kusini, wanasiasa wa huko walikuja juu kwamba anawachafulia jina.

Na kisayansi palikuwa na tobo la kweli, tuwe wa haki kwa wapinzani. Goldberger hakuweza kusema *ni kitu gani* kinachokosekana. Aliita "kitu kinachozuia pelagra", akaonyesha kwamba hamira iliyokaushwa inacho kwa wingi na ni nafuu. Mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927 yalipoharibu kila kitu, hamira hiyo iligawiwa kwa wingi na ikaokoa watu. Alikufa kwa saratani mwezi Januari 1929 bila kukijua alichokitafuta.

---

Ndoano

Na ile chupa ya 1867 bado ipo kabatini.

---

Kibatari

Ipo, tena ilishafunguliwa njiani mkuu. Hii ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote. Mwaka 1912 hivi Casimir Funk, yule aliyebuni neno "vitamini", akiwa London alikuwa anatafuta dawa ya beriberi (ugonjwa mwingine wa upungufu wa lishe) kwenye pumba za mchele. Katika kuchuja akaipata asidi ya nikotini! Akawapa njiwa wenye beriberi, hawakupona, kwa sababu beriberi inatibiwa na vitamini nyingine (B1). Akaiweka pembeni. Umetaro Suzuki wa Japani naye alikutana nayo kwenye pumba za mchele kipindi hichohicho. Wote wawili walikuwa na funguo sahihi, mlango si wenyewe.

Kisha 1935, Otto Warburg na Walter Christian huko Berlin wakaikuta, safari hii katika umbo la nikotinamaidi, ndani ya chembe nyekundu za damu ya farasi, ikiwa ni sehemu ya kitu kinachosaidia vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili) kufanya kazi. Hapo ikajulikana kwamba mwili wenyewe unaitumia.

Aliyefunga mjadala ni Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mbwa wakilishwa chakula kile cha pelagra hupata ugonjwa wa ulimi mweusi, jambo ambalo Goldberger alishalitumia kupima vyakula. Elvehjem na wanafunzi wake walichukua ini, wakalichuja hatua kwa hatua, kila hatua wakijaribu kwa mbwa, mpaka wakabaki na nikotinamaidi. Mwaka 1937 wakatangaza. Mbwa aliyekuwa hoi alipewa dozi ndogo tu akaanza kula. Kabla mwaka haujaisha madaktari walishawapa binadamu, na watu waliokuwa wanachanganyikiwa wakarudiwa na akili zao ndani ya siku chache.

---

Tausi

Swali la mtu asiyejua kemia: kama inatokana na nikotini, mvuta sigara anapata B3 ya bure? 😅 Halafu hiki kidonge hakina uraibu?

---

Kibatari

Hapana na hapana, dada Tausi.

Tuangalie molekuli. Zote mbili zina pete ya piridini, yaani pembe sita: kaboni tano na naitrojeni moja. Kwenye nikotini, kaboni ya tatu ya pete hiyo imebeba pete nyingine ndogo yenye naitrojeni yake, na muundo huo mzima ndio unaoingia kwenye vipokezi vya ubongo na kuleta uraibu. Kwenye niasini, mahali hapo pamekaa kundi dogo tu la asidi (COOH). Jumla C6H5NO2, uzito wa molekuli 123. Ukibadilisha kundi hilo la asidi kuwa amaidi (CONH2) unapata nikotinamaidi. Vipokezi vya nikotini haviitambui yoyote kati ya hizo mbili. Na mwili hauna uwezo wa kugeuza nikotini ya sigara kuwa vitamini, ile ya Huber ilihitaji asidi inayochemka.

Hofu yako lakini si mpya. Miaka ya 1940 Wamarekani walipoanza kuongeza vitamini hii kwenye unga wa ngano, watu waliogopa kwamba wanalishwa tumbaku kwenye mkate. Ndipo likabuniwa jina "niasini". Mwaka 1943 kuongeza virutubisho kwenye mkate kukawa amri ya serikali kule.

Kama kemikali ni ngumu sana kufa: joto, mwanga, hewa haviisumbui. Kupika hakuiui kama kunavyoua vitamini C, ila inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukimwaga maji uliyochemshia umemwaga na yenyewe.

Kazi yake mwilini. Niasini na nikotinamaidi zote hutumika kutengeneza NAD na ndugu yake NADP. NAD ni mbebaji wa elektroni. Chakula kinapovunjwa, kimeng'enya hukwapua haidrojeni pamoja na elektroni mbili na kuzipachika kwenye kaboni ya nne ya ile pete ya piridini. NAD ikishabeba inaitwa NADH, inaenda kuutua mzigo kwenye mitokondria ambako nishati hutengenezwa, inarudi tupu. Safari hiyo inafanyika muda wote, na vimeng'enya zaidi ya 400 vinaitegemea.

Kitu kimoja kizuri ambacho wengi hawakijui: NADH inafyonza mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 340, NAD tupu haifyonzi. Kwa hiyo mashine ya maabara ikimulika mwanga huo inaweza kuhesabu kimeng'enya kimefanya kazi kiasi gani. Vipimo vingi vya ini na baadhi ya vipimo vya sukari vinasomwa hivyo. Ukipimwa ini, huenda aliyekutolea majibu ni niasini.

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, umeeleza vyema. Nina jambo moja halijakaa sawa. Umesema Goldberger aliponya watoto kwa maziwa na mayai. Nikitazama jedwali la virutubisho, maziwa na mayai yana niasini kidogo sana, pengine chini ya mahindi yenyewe. Inakuwaje chenye kingi kilete ugonjwa na chenye kidogo kiuponye?

---

Kibatari

Shikamoo Mwalimu. Swali hilo hilo liliwasumbua wenyewe mpaka 1945. Jibu lina sehemu mbili.

Kwanza, mwili unaweza kujitengenezea niasini kutoka kwa triptofani, mojawapo ya amino asidi zilizomo kwenye protini. Kwa wastani miligramu 60 za triptofani hutoa miligramu 1 ya niasini, na kazi hiyo inahitaji vitamini B2, B6 na madini ya chuma. Maziwa na mayai ni masikini wa niasini lakini ni matajiri wa triptofani. Protini kuu ya mahindi, zeini, karibu haina triptofani kabisa. Kwa hiyo mtu wa mahindi matupu amefungiwa njia zote mbili. Kwa sababu hii mahitaji hupimwa kwa "kilinganisho cha niasini": miligramu 16 kwa siku kwa mwanamume mzima, 14 kwa mwanamke, 18 akiwa mjamzito.

Pili, niasini ya mahindi imefungwa kwenye wanga na peptidi, utumbo hauwezi kuifungua. Maabara inaiona, mwili hauipati. Inafunguka ukichemsha mahindi kwenye maji ya chokaa au majivu.

Na hapa ndipo kwenye simanzi ya historia yote hii. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati waliolima mahindi kwa maelfu ya miaka walikuwa wanayachemsha na chokaa kabla ya kusaga, tena wanayala pamoja na maharage. Pelagra haikuwa tatizo kwao. Wazungu walipoyavusha mahindi kwenda Ulaya walichukua mbegu, wakaacha chungu. Utaratibu wa chokaa waliuona ni mazoea tu ya watu wasio na mashine nzuri za kusagia.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sasa imekaa sawa.

---

Daktari wa Zamu

Nimepita kimya kimya muda mrefu, acha nichangie upande wa wodi.

Pelagra haijaisha duniani. Darasa kubwa kwetu ni wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga ndizo zilizokuwa zinawapa niasini. Ugavi wa karanga ulipokatika, ndani ya miezi wakaripotiwa wagonjwa zaidi ya 17,000. Karne ya 20 inaisha, kisababishi kinajulikana kwa zaidi ya miaka 50, na bado.

Nje ya mazingira ya njaa, tunaikuta kwa walevi wa kupindukia, wenye magonjwa ya utumbo yanayozuia chakula kufyonzwa, wanaojinyima chakula, na baadhi ya wanaotumia isoniazidi ya kifua kikuu kwa muda mrefu, kwa sababu dawa hiyo inaingilia vitamini B6 ambayo Kibatari ameitaja kwenye njia ya triptofani. Kuna uvimbe aina ya kasinoidi ambao unakula triptofani nyingi kutengeneza serotonini, na ugonjwa wa kurithi wa Hartnup ambapo triptofani haifyonzwi sawasawa.

Dalili: ngozi inababuka pande zote mbili kwa usawa, mahali panapopigwa na jua, na mpaka wake ni mkali kama umechorwa. Ulimi mwekundu unaouma, kuharisha, kukosa usingizi, huzuni, baadaye kuchanganyikiwa. Si lazima zije zote. Kwa mlevi mara nyingi kuchanganyikiwa kunatangulia, watu wanadhani ni pombe tu, na anakufa hivyo hivyo.

Tiba ni rahisi hadi inatia hasira: nikotinamaidi miligramu 300 kwa siku zikigawanywa, kwa wiki tatu hadi nne, pamoja na vitamini B nyingine na chakula chenye protini. Tunatumia nikotinamaidi badala ya niasini kwa sababu haileti mwako wa ngozi. Mdomo na akili hupata nafuu ndani ya siku chache, ngozi huchukua wiki kadhaa.

---

Chuma cha Pua

Dokta, mimi natumia niasini gramu 1.5 kwa siku kwa ajili ya lehemu (kolesteroli). Nimesoma kwamba ni dawa ya asili kuliko hizi statini, dawa za kushusha lehemu zinazosukumwa na makampuni. Inapandisha lehemu nzuri na kushusha mbaya. Hilo nalo utalipinga?

---

Daktari wa Zamu

Namba silipingi mkuu. Tangu 1955 Altschul, Hoffer na Stephen walipoonyesha kwamba asidi ya nikotini kwa dozi kubwa inashusha lehemu, jambo hilo limethibitishwa tena na tena, na kwa miaka mingi ilikuwa dawa halali. Lakini hatumezi dawa ili karatasi ya maabara ipendeze, tunameza ili tusipate kiharusi na shambulio la moyo. Swali hilo lilipoulizwa kwa wagonjwa ambao tayari wako kwenye statini, majibu yalikuwa mabaya. Utafiti wa AIM-HIGH wenye wagonjwa 3,414 ulisimamishwa 2011 kwa kutoonyesha faida. HPS2-THRIVE, wagonjwa 25,673, matokeo 2014: hakuna faida, halafu ukaongeza kisukari, damu kuvuja na maambukizi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaondoa idhini ya kuitumia niasini ya kutoka taratibu pamoja na statini.

Kuhusu "asili": miligramu 16 ni lishe. Gramu 1.5 ni karibu mara mia ya hiyo. Kwa dozi hiyo ni dawa ya kiwandani kama dawa nyingine yoyote, yenye madhara yake: ini, sukari kupanda, jongo kuamka. Marekani kiwango cha juu kilichowekwa kwa mtu mzima anayemeza bila usimamizi ni miligramu 35 kwa siku. Umepima ini lini?

---

Chuma cha Pua

Sijawahi. Mimi nikimeza nawaka uso mzima kama nusu saa, nikaambiwa ndiyo dalili inafanya kazi na kusafisha damu.

---

Kibatari

Naomba hapo niingie kidogo dokta, maana ni kemia tamu. Ule mwako hausafishi chochote. Niasini inashika kipokezi kiitwacho GPR109A kwenye seli za ngozi, seli zinatoa prostaglandini D2 na E2 (kemikali za mwili zinazopanua mishipa), mishipa midogo inapanuka, damu inajaa usoni. Ndiyo maana aspirini ikitangulia inaupunguza, kwa kuwa inazuia prostaglandini kutengenezwa. Nikotinamaidi haishiki kipokezi hicho, kwa hiyo haiwashi, lakini pia haishushi lehemu hata kidogo. Kama vitamini ni mapacha, kama dawa ni watu wawili wasiojuana.

---

Daktari wa Zamu

Sahihi. Na wapo wanaomeza konzi nzima ya niasini wakidhani itaficha dawa za kulevya kwenye kipimo cha mkojo. Haifichi. Wamelazwa watu kwa hilo, ini limeharibika na damu haigandi.

Mkuu Chuma, usipaniki, usibadilishe kwa kusoma jukwaa. Nenda kwa daktari wako na chupa yenyewe mkononi, mpime ini, sukari na asidi ya yuriki, muamue pamoja.

---

Tausi

Sasa njooni kwangu. Seramu ya uso imeandikwa niacinamide 5%. Hiyo ndiyo nikotinamaidi yenu hii hii? Inafanya kazi au ni maneno ya matangazo?

---

Daktari wa Zamu

Ndiyo hiyo hiyo dada. Hapa matangazo yana ukweli kiasi. Jeli ya asilimia 4 imeonyesha kusaidia chunusi. Kwenye madoa meusi, inazuia vifurushi vya melanini (rangi ya ngozi) kuhamishwa kutoka seli zinazovitengeneza kwenda seli za juu za ngozi, kwa hiyo madoa hufifia taratibu. Haichubui, na ni ya upole ukilinganisha na vitu vingine watu wanavyojipaka. Usitegemee miujiza ya wiki moja, na bila kujikinga na jua unajisumbua.

Ya kumeza nayo ina jambo la kuvutia: Australia, mwaka 2015, watu 386 waliowahi kupata saratani za ngozi zisizo melanoma (ile aina kali zaidi) walipewa ama nikotinamaidi miligramu 500 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Katika mwaka mmoja saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23 kwa waliotumia nikotinamaidi, na waliposimama faida ikaisha. Sababu inayotajwa ni kwamba ukarabati wa DNA iliyochomwa na jua unakula NAD nyingi. Ukilifikiria hilo utaelewa pia kwa nini pelagra inachagua ngozi iliyo juani. Lakini hiyo ni kwa watu wa hatari kubwa, chini ya daktari, si kinga ya kila mtu.

---

Ndoano

Na hizi NMN na NR zinazouzwa kwa bei ya kutisha kwamba zinarudisha ujana?

---

Kibatari

Ni ndugu wa familia hii hii, vitangulizi vya NAD. Kwamba zinapandisha NAD kwenye damu, ni kweli, imepimwa. Kwamba binadamu anaishi zaidi kwa kuzimeza, hakuna aliyeonyesha. Panya wametendewa mengi mazuri na nawapongeza panya. Na 2024 kuna watafiti waliochapisha kwamba mabaki mawili ya niasini iliyozidi mwilini, yanayoitwa 2PY na 4PY, yanaambatana na hatari kubwa ya magonjwa ya moyo. Kuambatana si kusababisha, lakini inatosha kumfanya mtu asiye na upungufu ajiulize anatafuta nini kwenye chupa.

---

Mwalimu Mstaafu

Niliwahi kusikia kwamba kahawa ina vitamini hii. Ni kweli au ni porojo za wanywaji?

---

Kibatari

Ni kweli Mwalimu. Buni mbichi ina trigonelini, ambayo ni niasini iliyobandikwa kundi la methili kwenye naitrojeni yake. Moto wa kukaangia unalibandua baadhi ya kundi hilo na niasini inabaki. Kadiri inavyokaangwa kuwa nyeusi ndivyo inavyopatikana zaidi. Kikombe kimoja hakitoshi mahitaji ya siku, ila si porojo.

---

Chuma cha Pua

Nimeangalia chupa yangu vizuri. Imeandikwa "extended release". Hiyo ndiyo ile dokta aliyosema?

---

Daktari wa Zamu

Ndiyo hiyo, ya kutoka taratibu. Na baadhi ya hizo zinazouzwa bila cheti ndizo zilizohusishwa zaidi na kuumiza ini kuliko niasini ya kawaida. Usisubiri wiki ijayo. Ukiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, au kichefuchefu kisichoisha, nenda leo.

---

Chuma cha Pua

Macho yako sawa. Kesho asubuhi naenda kupima, nitaleta mrejesho hapa hapa.